Ukiajiriwa ukalimani Kivu, jifunze kwanza habari za helikopta

Tangu niache kazi ya ukalimani kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, vijana wa Beni na Bunia hawaachi kunipigia simu. Wote huuliza yale yale: mtihani wa Kiingereza ukoje, na mshahara unaingia tarehe ngapi. Mtihani ni mwepesi, na mshahara unaingia. Wasichoniuliza ni kile kilichonimaliza nguvu kuliko vyote, yaani helikopta. Ukipangiwa kambi ya mlimani, na barabara imekatwa na mvua au imekaliwa na wenye bunduki, kila kitu kinapita hewani: askari, mchele, betri za redio, majeruhi, maiti. Siku ndege inapokuja, mkalimani ndiye anayetumwa kusimama ukingoni mwa uwanja na kuwaambia wanakijiji wafanye nini. Hakuna anayekufundisha. Utapewa kizibao cha rangi kali, basi.

Ndege niliyoizoea mimi ni Oryx ya jeshi la Afrika Kusini. Nilianza kazi mwishoni mwa 2013, wakati ile brigedi ya Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi, iliyoundwa kwa azimio 2098 la Baraza la Usalama, ilikuwa imetoka kulisaidia jeshi la Kongo kuwang'oa waasi wa M23 kwenye vilima vya Chanzu na Runyoni. Goma nzima ilikuwa inaisimulia Rooivalk, helikopta yao ya mashambulizi, ile nyembamba yenye mzinga chini ya pua, kwa kuwa ndiyo iliyopiga. Oryx haikuwa na sifa hiyo. Ilikuwa nyeupe, nene kiunoni, herufi za UN ubavuni, kazi yake kwenda na kurudi. Lakini askari aliyekaa kilimani wiki kadhaa, akila mikebe, hakuwa akiulizia Rooivalk.

Mhandisi mmoja wa ndege niliyefanya naye kazi sana, mtu wa Bloemfontein, alikuwa akikasirika mtu akimwambia kwamba chombo chake ni cha Wafaransa. Ubishi huo niliutafsiri mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuujibu mwenyewe bila kumsubiri. Wafaransa waliwauzia Afrika Kusini helikopta za Puma kabla Umoja wa Mataifa haujaifungia nchi ile biashara ya silaha, Novemba 1977. Baada ya hapo vipuri vikawa vya kutafuta kwa tochi, na huku makaburu wanapigana Angola na Namibia, kwenye joto na vumbi ambavyo Puma ilikuwa haivimudu vizuri. Kiwanda cha Atlas, pale Kempton Park karibu na Johannesburg, kikachukua umbo la Puma, kikaliwekea injini mbili za Makila, zile za Super Puma, ndugu mkubwa wa Puma, kikabadilisha mkia, kikaweka vichujio vikubwa vya vumbi mbele ya injini, na kupanga upya chumba cha rubani ili kazi impungukie. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Oryx zikaanza kuingia jeshini. Mifupa ya Kifaransa, basi, lakini anayejua kwa nini kila kitu kimewekwa pale kilipo yuko Afrika Kusini. Mimi nasema ni ya kwao. Atlas yenyewe iliingia ndani ya Denel, shirika la silaha la serikali, lilipoundwa 1992, na madeni yaliyoliandama shirika hilo miaka ya karibuni yameonekana mpaka kwenye idadi ya Oryx zinazoweza kuruka. Kuunda ndege yako kunataka uendelee kuilisha.

Vita iliyoundiwa ilikwisha karibu mara tu ilipozaliwa. Mei 1994 Mandela alipoapishwa Pretoria, helikopta za jeshi lile lile zilipita juu ya umati zikining'iniza bendera mpya. Mwaka 2000, mafuriko yalipoimeza Msumbiji, Oryx zilikuwa miongoni mwa ndege zilizookoa watu kwenye mapaa na juu ya miti. Sajini mmoja mtu mzima wa Tanzania, aliyekuwa mtoto wa shule enzi za nchi za mstari wa mbele, alifunga mkanda siku moja, akagonga ukuta wa ndege kwa ngumi, akaniambia:

"Mdogo wangu, shuleni tulikuwa tunachangishwa hela makaburu waanguke. Leo nimegombania siti yao tangu alfajiri."

Sasa nije kwenye kazi. Jambo la kwanza, na ndilo litakalokugombanisha na kila mtu, ni uzito.

Oryx inaruhusiwa kuruka na jumla ya kilo 8,400, humo mkiwemo chuma chenyewe, mafuta, wenye ndege watatu na ninyi. Ndani inachukua askari wapatao 20. Mkuu wa kambi akisikia 20, anaandika majina 20, na hapo ndipo shari inapoanzia, kwa sababu hiyo 20 ni ya kwenye karatasi. Goma iko mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na vilima vya Masisi vinapita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na jua la mchana linaifanya nyepesi zaidi, kwa hiyo mapanga ya helikopta yanazunguka bila kupata cha kushika, na injini nazo zinavuta hewa pungufu. Wanaojua chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, watanielewa: mzigo ule ule wa viazi unaoteremka wenyewe kutoka Kibumba hadi mjini, ugeuze upande, uone utahitaji watu wangapi wa kusukuma. Mafuta nayo ni mzigo. Ndege iliyotoka kambini kwetu kwenda kituo cha pili kabla ya kurudi Goma ililazimika kubeba mafuta ya safari yote, na kila pipa ni siti ya mtu.

Kuna siku moja sitaisahau. Kambi ilikuwa Masisi, kilimani, nyumba za mabati chini yake. Ndege ilitarajiwa saa mbili asubuhi. Goma kulikuwa na ukungu, ikafika karibu saa sita, jua linawaka. Orodha ilikuwa na watu kumi na wanne, wengine wanaenda likizo, mmoja ana malaria iliyompanda kichwani. Mhandisi aliruka chini mapanga yakizunguka, waya wa helmeti ukiburuta nyuma yake, akatazama moshi wa kuonyesha upepo jinsi ulivyosimama wima bila kuyumba, akakunja uso. Upepo wa mbele humsaidia rubani kuinuka, na siku hiyo haukuwepo. Akaninyooshea vidole vinane.

Nikaenda kwa kapteni. "Afande, anasema nane."

"Mwambie kumi na wanne. Orodha imepitishwa na Goma."

Nikarudi, nikapiga kelele sikioni mwa mhandisi. Akatikisa kichwa, akanionyesha jua, akanionyesha mlima ulio mbele, akarudia vidole. Kapteni akaja mwenyewe. Wakawa wanasemezana kupitia mdomo wangu, kelele zimetuzidi, kila mmoja akiamini mimi ndiye nisiyefikisha maneno. Mwishowe mabegi yakapimwa kwa mizani ya mkono. Kiwango kilikuwa kilo 15 kwa kila abiria. Begi la mtu mmoja, aliyeandikisha kumi na tano, lilikuwa na jibini za Masisi za kutosha harusi nzima, na jingine lilikuwa na jiwe la kunolea visu. Watu wakacheka, kapteni hakucheka. Mgonjwa akalazwa, wakapanda wengine saba, mabegi yakabaki.

Wakafunga mlango. Oryx ikajiinua kidogo, magurudumu hayajafika hata kimo cha goti, ikakaa pale ikitetemeka, rubani akiisikiliza. Kisha akaishusha. Mlango ukafunguliwa, wakateremka wawili. Mara ya pili ikainuka, ikainamisha pua, ikajitupa bondeni na kupotea chini ya ukingo kabla hatujaiona tena ng'ambo, ikipanda.

Mmoja wa walioteremshwa alikuwa anaenda kuoa. Hakumtazama rubani, wala kapteni. Alinitazama mimi, na kwa siku kadhaa hakujibu salamu yangu. Mkalimani ndiye aliyetamka hapana, na kwa anayebaki chini hilo linatosha.

Baada ya siku ile nilianza utaratibu wangu, na hakuna aliyenikataza. Jioni ya kuamkia safari nilimwomba mkuu wa kambi aipange orodha kwa uzito wa shida, wagonjwa juu, likizo chini, aitie sahihi, na aisome yeye mwenyewe mbele ya watu, akisema wazi kwamba wa mwisho wanaweza kubaki. Aisome yeye, si wewe. Mabegi tuliyapima usiku, kwa mizani, tukayaandika kwa chaki. Na ndege ikiwa bado dakika kumi angani, omba kwa redio namba ya abiria watakaochukuliwa. Wenye ndege wanaijua, wameshapiga hesabu, ila hawaitoi mpaka waulizwe. Ukiipata mapema ugomvi unamalizika kabla kelele hazijaanza. Kama kuna namna yoyote ya kuisogeza safari iwe ya asubuhi, isogeze. Mchana kuna joto, alasiri Kivu kuna mawingu na radi, na rubani mwenye akili hatakuja.

Uwanja wenyewe nao una mambo yake. Mapanga ya juu yana upana wa mita 15 na zaidi, lakini usipime mita 15 ukaridhika. Ndege inahitaji njia ya kuingia na ya kutoka, na kwenye milima njia ya kutoka ndiyo yenye thamani. Uwanja wenye bonde mbele yake unaishinda tambarare pana iliyozungukwa na mikaratusi, kwa sababu ndege nzito ikishapata mwendo wa mbele inajibeba kwa urahisi kuliko inapopanda wima. Angalia na udongo. Oryx ina magurudumu, haina miguu ya bomba, na kwenye tope huzama. Tuliwahi kumwaga mawe ya volkano tukidhani tunaimarisha uwanja. Yale madogo yakaruka yote siku ya kwanza, moja likanipasua nyusi.

Upepo wa helikopta ndio watu hawaujui mpaka waupate. Sehemu moja kulikuwa na kambi ya waliokimbia vita, vibanda vya miti na maturubai, umbali ambao macho yaliona unatosha. Ndege iliposhuka, turubai la kibanda cha kwanza lilivimba, likang'oka, likaenda juu. Rubani aliliona, akakatisha kutua, akazunguka. Kama lingemezwa na mapanga nisingekuwa naandika. Jioni mama mwenye kibanda alikuja kambini na watoto wake, akaketi mlangoni. Nilimweleza kuhusu fomu za madai. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, kwa Kiswahili cha kwao ambacho "njo" ni "ndiye":

"Mwanangu, miye sijuwe ile makaratasi. Weye njo uliita ile ndege. Weye njo utanijengea."

Mvua ilikuwa inakuja. Nilimnunulia turubai sokoni kwa pesa yangu. Wenzangu walinicheka, wakasema nimejiwekea desturi, na ni kweli, haikuwa mara ya mwisho. Sijutii, lakini ujue gharama hizo zipo na hakuna atakayekurudishia. La muhimu ni kwamba tangu hapo nilipita nyumba kwa nyumba siku moja kabla: mabati yawekewe mawe, nguo zianuliwe, mbuzi wafungwe, maturubai yafungwe kwa kamba mpya. Kamba ni rahisi kuliko turubai.

Na mkia. Hapa naomba usome polepole. Ndege ikishatua, watu wote hukimbilia milangoni ambako kuna askari na mizigo, kwa hiyo nyuma panabaki wazi, na watoto hupenda palipo wazi. Panga la mkiani linazunguka kasi hata halionekani. Utaona hewa tupu, na nyuma yake majani yanacheza. Siku moja mvulana mmoja alimfuata mbuzi wake upande ule. Aliyemdaka ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwembamba mwenye koti kubwa, aliyekuja tu kutazama. Nilimwona alivyomkamata kwa ukosi, akamburuta, akamchapa kofi moja, kisha yeye mwenyewe akakaa chini, miguu imemwisha.

Kuanzia siku hiyo sikuwategemea askari kuzuia watu. Askari wa kigeni akisema "rudi nyuma", watoto wanacheka. Mwalimu akisema, wanarudi. Kila kituo nilichokwenda nilimtafuta mwalimu kabla ya chifu, nikampa kamba ndefu, tukapanga watoto wakae nyuma yake, wakiwa wamekaa kitako, si kusimama. Abiria nao wafundishe: subiri mhandisi akuonyeshe kidole gumba, njoo kwa ubavuni mbele ambako rubani anakuona, kofia mkononi, hakuna kubeba fito wala machela iliyosimama wima. Uwanja ukiwa na mwinamo, usije kutoka upande wa juu, maana upande huo mapanga yako karibu na kichwa chako kuliko unavyodhani.

Goma, nikiwa nasubiri usafiri wa kurudi kilimani, nilikuwa napenda kukaa karibu na mafundi jioni. Mmoja alipanda mgongoni mwa ndege, akaliteremsha panga moja kwa mkono mpaka likamfikia, akavua glavu, akapitisha ncha ya kidole kwenye ukingo wake wa mbele kutoka shinani hadi mwisho, macho ameyafumba. Akasimama mahali, akarudia. Akanipungia nipande nishike. Ulikuwa mkwaruzo mwembamba, kazi ya mchanga wa volkano ya Nyiragongo, ule mweusi unaokula ngozi ya panga kila ndege inaposhuka kwenye vumbi. Baada ya hapo nikaelewa kwa nini marubani walinisumbua kuhusu kumwagia uwanja maji. Nilidhani ni madaha. Mapipa mawili matatu ya maji, yakimwagwa asubuhi, yanapunguza vumbi linalomziba rubani macho na kuokoa mapanga pia. Usingoje uambiwe.

Kuhusu hofu sina dawa. Nilikuwa nimeshaacha kazi niliposikia kwamba tarehe 5 Februari 2023 Oryx iliyotoka Beni kuja Goma ilipigwa risasi ikiwa angani. Mmoja wa wenye ndege aliuawa, mwingine akajeruhiwa, na hata hivyo ndege ilifika Goma. Njia ile nilikuwa naijua, nilikuwa hata nalala nikiwa humo. Mwaka uliofuata, Februari tena, nyingine ikapigwa Masisi, ikafika Goma na majeruhi wake. Ndege ya kubebea watu hushuka chini na kwenda polepole pale pale ambapo mwenye bunduki yuko, hiyo ndiyo kazi yake, na rangi nyeupe haizuii kitu. Nilichokuwa nikifanya ni kufunga mdomo kuhusu saa na njia. Shemeji yako atakuuliza unakuja lini, mwenye duka atakuuliza mchele unafika saa ngapi ajipange. Jibu ni moja kwa wote: ikifika mtaisikia. Picha za ndege usizitume kwenye simu mpaka imeshaondoka na kufika. Kijana mmoja alifukuzwa kwa hilo, na ingawa niliumia kwa ajili yake, sikumtetea.

Mwisho ni masikio. Ndani ya Oryx injini na giaboksi ziko juu ya kichwa chako, na ule mlio mwembamba wa giaboksi ndio unaoharibu, kuliko ngurumo. Wenye ndege wana helmeti. Abiria hupewa vizuia kelele vikiwepo, na mkalimani anavivua kila mara ili asikie anachotakiwa kutafsiri. Sikio langu la kushoto linalia usiku kucha, na kwenye chumba chenye watu wengi siwezi kufuata mazungumzo, jambo ambalo kwa mkalimani ni kukosa kazi. Nunua vizuia sikio vya povu mwenyewe, famasi vipo, viwe viwili viwili mfukoni. Ongea kwa ishara kadiri uwezavyo. Kubaliana na mhandisi kabla, vidole kwa idadi, kiganja kwa kusimama. Na kabla hujasaini mkataba, nenda hospitali upimwe masikio, wakupe karatasi yenye tarehe na muhuri, uiweke nyumbani kwa mama yako, si kambini. Nilipoomba fidia, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza niliyoulizwa, na sikuwa nayo.